Kabla ya kununua kitasa kipya, fungua mlango kwanza: maswali yenu na majibu

Barua zilizonifikia tangu mvua za Machi zilipoanza zinafanana kwa jambo moja: wengi wenu mmekwisha kuambiwa kwamba kitasa kimekufa kabla mtu yeyote hajaukagua mlango wenyewe. Ninazungumzia milango na madirisha ya alumini au ya plastiki ngumu yenye vioo viwili vilivyounganishwa na kuachiwa nafasi ya hewa katikati, ambayo sasa imetoka mahotelini na maofisini ikaingia katika nyumba za kuishi.

*Ndugu fundi, mlango wangu wa mbele ulifungwa bila taabu kwa miaka mitatu. Sasa ni lazima niusukume kwa bega ndipo mkono wa mlango upande juu na ufunguo uzunguke. Nimeambiwa ninunue kitasa kingine. Je, ni kweli? — Msomaji, Entebbe*

Usinunue chochote bado, ndugu yangu. Fungua mlango hadi uwe wazi kabisa, kisha, ukiwa wazi hivyo hivyo, pandisha mkono na uzungushe ufunguo. Ikiwa vyote viwili vinakwenda kwa ulaini, kitasa ni kizima, na tatizo liko katika namna mlango unavyokutana na fremu. Ikiwa ni vigumu hata mlango ukiwa wazi, hapo ndipo tutaanza kukishuku kitasa. Jaribio hili halichukui hata dakika moja wala halihitaji chombo chochote, nami husikitika kila ninapoona mwenye nyumba amelipia kitasa kizima kwa sababu halikufanywa. Mimi mwenyewe, nilipokuwa kijana katika kazi hii, niliwahi kumbadilishia mteja kitasa ambacho hakikuwa na kasoro yoyote. Baada ya majuma mawili mlango ulikwama tena vilevile, na ilinibidi nimrudishie fedha zake.

Chanzo kikubwa ni uzito. Kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba na kwa kila milimita ya unene. Kwa hiyo mlango wenye vioo viwili vya milimita 6, kila kimoja kikiwa na eneo la mita 1.5 za mraba, hubeba kilo 45 za kioo peke yake, kabla hujahesabu alumini. Uzito huo wote unashikwa na bawaba za upande mmoja, na kadiri miaka inavyopita upande wa kitasa hushuka kidogo kidogo. Kitasa cha mlango kama wako hakina ulimi mmoja tu, bali kina ndoano au makomeo juu, katikati na chini, ambayo mkono unapopandishwa huingia yote kwa pamoja katika vipokezi vilivyofungwa kwenye fremu. Mlango ukishuka milimita mbili au tatu, ndoano hugonga chuma badala ya kuingia tunduni, nawe unapoulazimisha mkono, nguvu yako yote inakwenda kwenye meno madogo yaliyomo ndani ya kisanduku cha katikati. Meno hayo ndiyo huvunjika, na hapo kweli utahitaji kununua kitasa. Kwa hiyo bega lako ndilo adui mkubwa wa mlango huo kwa sasa.

Utazame mlango ukiwa umefungwa, ulinganishe nafasi iliyopo kati yake na fremu juu, chini na pande zote mbili. Ikiwa juu upande wa kitasa nafasi ni pana kuliko upande wa bawaba, mlango umeshuka. Paka chaki kwenye ncha za ndoano, funga mlango na upandishe mkono taratibu, kisha ufungue uone chaki imeacha alama wapi kwenye kipokezi. Bawaba nyingi za milango hii zina skrubu za kurekebishia, zinazozungushwa kwa ule ufunguo wa pembe sita uliopinda kama herufi L: moja huinua mlango, nyingine huusogeza kushoto au kulia. Zungusha nusu mzunguko tu kila mara, ukiwa umeweka kabari ya mbao chini ya mlango ili bawaba isifanye kazi ikiwa imebeba mzigo, kisha ujaribu tena. Ikiwa bawaba zimefika mwisho na mlango bado umeshuka, fundi aondoe vibanio vya kioo na apange upya vile vipande vya plastiki vinavyokiegemeza, kimoja chini upande wa bawaba na kingine juu upande wa kitasa, ili kioo chenyewe kiubebe mlango kwa mshazari. Mafundi wengi wanairuka hatua hii kwa sababu inawapotezea muda, ingawa ndiyo inayodumu. Kukata kipokezi kwa tupa kuwe ni jambo la mwisho kabisa.

*Mkono wa mlango wetu unaning'inia, haurudi mahali pake ukiuachia. Kitasa kinafunga vizuri. — Msomaji, Jinja*

Hili ni dogo. Ndani ya bamba la mkono, au ndani ya kitasa chenyewe, mna springi inayourudisha mkono juu, nayo imechoka au imekatika. Kwanza kaza skrubu mbili ndefu zinazopita kutoka upande wa ndani, kwa kuwa mara nyingine mkono umelegea tu. Usipopona, nunua jozi nyingine ya mikono, lakini upime kabla ya kwenda dukani: umbali kutoka katikati ya kijiti cha chuma chenye pembe nne kinachozungushwa na mkono hadi katikati ya tundu la ufunguo, umbali kati ya skrubu hizo mbili, na unene wa kijiti chenyewe. Katika milango mingi inayotengenezwa kwa vipimo vya Ulaya, umbali wa kwanza ni milimita 92 na unene wa kijiti ni milimita 8, lakini milango ya alumini yenye fremu nyembamba huwa na vipimo vingine, na tofauti ya milimita chache inatosha kuufanya mkono mpya usifunge kabisa. Njia iliyo salama zaidi ni kuufungua mkono wa zamani na kwenda nao madukani Ndeeba au Nakasero, jijini Kampala, ukiwa mkononi mwako.

*Ufunguo unaingia kwa shida. Niliweka mafuta ya kupikia, ukalainika kwa juma moja, kisha ukawa mbaya zaidi. — Msomaji, Arua*

Mafuta ya kupikia hugeuka gundi, na vumbi letu jekundu hunasa humo. Ndani ya silinda, yaani kile kipande cha kitasa kinachoingizwa ufunguo, mna vijiti vidogo vinavyosukumwa na springi nyembamba sana, na vumbi kidogo tu huvizuia kupanda na kushuka. Isafishe kwa dawa ya kupulizia inayoyeyusha grisi, uiache ikauke, kisha utie unga wa grafiti. Usipoupata, sugua ncha laini ya penseli kwenye meno ya ufunguo, uingize na kuutoa mara kadhaa. Mafuta mepesi au grisi yatumike kwenye ndoano, kwenye ulimi na kwenye bawaba tu, mara mbili kwa mwaka.

*Nina nyumba ya kupangisha Ntinda. Mpangaji ameondoka na funguo mbili. Je, ni lazima nibadilishe kitasa chote? — Mama mwenye nyumba, Kampala*

Hapana, mama. Kinachobadilishwa ni silinda peke yake, nayo hushikwa na skrubu moja ndefu tu. Mlango ukiwa wazi, tazama ukingo wake mwembamba, usawa wa tundu la ufunguo, utaiona skrubu hiyo. Ifungue yote. Ingiza ufunguo, uuzungushe kidogo sana, kama mkono wa saa unavyotoka kwenye 12 kuelekea 11 au 1, huku ukivuta. Kile kijino kilicho katikati ya silinda kikilingana na mwili wake, silinda itatoka nje yote. Ikiwa hukubakiwa na ufunguo hata mmoja, kazi hiyo mwachie fundi.

Kipimo ndicho kinachowapotosha watu wengi. Silinda haipimwi kwa urefu wake mzima, bali kutoka katikati ya tundu la skrubu hadi kila ncha, kwa sababu upande wa nje na upande wa ndani huenda visilingane. 35 kwa 45 si sawa na 40 kwa 40, ingawa zote mbili zina milimita 80. Chagua ile ambayo ncha yake ya nje haitokezi zaidi ya milimita 3 nje ya bamba la mkono. Silinda inayotokeza hushikwa kwa koleo na kuvunjwa katikati, pale ambapo tundu la skrubu limeudhoofisha mwili wake, na mwizi anayeijua kazi hiyo hamalizi hata dakika mbili. Kuna silinda zilizochongwa mkato maalumu karibu na ncha ya nje, ili zikivunjwa ncha hiyo itoke peke yake na sehemu inayofunga ibaki salama. Bei yake ni kubwa zaidi, na kwa mlango unaotazama barabara ningekushauri uilipe. Funguo mpya uzipokee zikiwa katika pakiti iliyofungwa, wala usimtume mtu mwingine akachukue.

*Dirisha letu lina ukungu na matone katikati ya vioo viwili. Fundi anasema tubadilishe mikono ya dirisha ili likaze, na ukungu utaisha. — Msomaji, Kabale*

Hautaisha. Ukungu ulio katikati ya vioo, ambao huwezi kuupangusa kutoka ndani wala kutoka nje, unaonyesha kwamba gundi inayoviunganisha vioo pembeni imeachia na ile chembechembe ya kufyonza unyevu iliyomo ndani ya ukingo imekwisha kushiba maji. Mkono unalivuta dirisha likaze kwenye mipira ya kuzibia iliyo kwenye fremu, basi. Hauna uhusiano wowote na hewa iliyofungiwa kati ya vioo. Dawa ni kubadilisha jozi hiyo ya vioo, na fremu na mikono ibaki ileile.

Kwenu Kabale kuna jambo la kuongeza. Mji wenu uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa ni karibu asilimia 80 tu ya lile la pwani. Vioo vilivyofungwa kiwandani Mombasa au Dar es Salaam vikipandishwa huko huvimba katikati, na gundi ya pembeni hukaa ikivutwa siku zote. Unapoagiza, mwambie muuzaji vioo vinakwenda milimani, ili vitiwe kile kijirija chembamba cha kusawazisha hewa au vifungiwe mahali palipo na mwinuko unaokaribiana na wenu.

*Mkono wa dirisha unazunguka bure na dirisha limefungwa. Tufanyeje? — Msomaji, Bombo*

Kilichovunjika ni ama kijiti cha mkono, ambacho katika dirisha mara nyingi ni cha milimita 7, ama kisanduku cha meno kilichomo ndani ya fremu. Zungusha kifuniko kidogo kilicho kwenye shina la mkono, utaona skrubu mbili. Uzifungue na uutoe mkono. Kijiti kikiwa kimekatika, mkono mpya unatosha. Kikiwa kizima, ukirudishe tunduni na ukizungushe taratibu kwa spana, huku mwenzako akiliminya dirisha kwa viganja karibu na kitasa ili makomeo yapate nafuu. Bado kikizunguka bure, kisanduku kimekwisha, na fundi atapitisha bamba jembamba kati ya dirisha na fremu ili asukume makomeo moja moja. Msilikongoe kwa nondo, kwa sababu kioo kikipasuka pembeni mtalipa mara mbili.

*Dirisha la kuteleza halifiki kwenye komeo lake. — Msomaji, Busia*

Safisha reli ya chini kwa brashi na maji, uangalie pia matundu ya kutolea maji ya mvua, kisha uinue magurudumu kwa skrubu iliyo chini kwenye ukingo wa dirisha. Mara nyingi komeo lenyewe halina kosa lolote.

*Tuna watoto watatu. Usiku tunafunga mlango kwa ufunguo na kuuchomoa, na madirisha yote yana nondo. Mume wangu anasema huo ndio usalama. — Mama, Mbarara*

Mama, barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote. Mlango wa vioo viwili ukifungwa kwa ufunguo na ufunguo ukachomolewa, hakuna mtu aliye ndani anayeweza kutoka kwa kuushusha mkono, na kioo chake hakivunjiki kwa urahisi kama kioo kimoja cha zamani, hasa mikononi mwa mtoto. Moshi ukijaa sebuleni usiku, hakuna atakayeuona ufunguo uliowekwa juu ya kabati. Ninaelewa hofu ya wezi, na mume wako hakosei kuihofia, lakini mlango unaweza kumzuia mwizi bila kumfungia mtoto.

Muulizeni fundi silinda ambayo upande wa nje ina tundu la ufunguo na upande wa ndani ina kifundo cha kuzungusha kwa vidole. Hubadilishwa kwa njia ile ile niliyomweleza mama wa Ntinda. Ikiwa mnaogopa kwamba mwizi atavunja kioo na kupitisha mkono hadi kwenye kifundo, kioo kimoja kati ya viwili kiwe cha aina yenye utando wa plastiki katikati, ambacho hata kikipasuka hubaki kimesimama. Kwa nondo za dirisha la chumba cha watoto, fundi wa kuchomelea akate sehemu moja inayotosha mtu mzima kupita, aitie bawaba na komeo la kufungulia ndani lisilohitaji ufunguo, mbali na mahali ambapo mkono wa mtu aliye nje unaweza kufika. Kazi ikiisha, zimeni taa zote usiku mmoja, mwambieni mtoto wenu mkubwa atoke kitandani, afungue mlango na kusimama uani bila kusaidiwa, nawe mama uhesabu sekunde.