Kabla hujakubali nafasi ya uzamili Marekani, soma barua ya ufadhili mstari kwa mstari

Mwaka nilioomba udahili, mwezi Machi ulinikuta na barua mbili juu ya meza ya shangazi yangu, Tabata, zote kutoka vyuo vikuu vya majimbo vya Marekani, zote zikinikaribisha kusoma shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta. Moja ilitoka chuo ambacho kila niliyemtajia alikifahamu. Nyingine ilitoka chuo ambacho mimi mwenyewe nililazimika kukitafuta kwenye ramani. Nilikwenda hicho cha pili, na sijajuta.

Chuo cha jimbo huwatoza wakazi wa jimbo hilo ada nafuu, kwa kuwa wazazi wao hukichangia kwa kodi, ilhali anayetoka nje hulipa zaidi, mara nyingi maradufu au zaidi. Mtanzania mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, kwa kawaida huhesabiwa mtu wa nje hadi anapohitimu. Kwa hiyo swali la kwanza ni nani atakayelipa, na jibu lake hutegemea sana aina ya shahada. Chuo Kikuu cha Illinois, Urbana-Champaign, kwa mfano, kina shahada mbili za uzamili wa kompyuta: MS, yenye utafiti na tasnifu, na MCS, ya masomo darasani bila tasnifu. Shahada za aina hii ya pili, popote zilipo, aghalabu mwanafunzi hujilipia. Nafasi za usaidizi wa kufundisha au utafiti, zinazoambatana na msamaha wa ada na posho, huwaendea zaidi wanaofanya utafiti, hasa wa uzamivu. Chuo chenye jina kilikuwa kimenipa ile ya kujilipia.

Barua ya chuo nilichokwenda ilisema nimesamehewa ada, nami nikafurahi bila kusoma aya iliyofuata. Michango ya lazima haikusamehewa, wala bima ya afya haikulipwa yote, na posho ilikuwa ya miezi 9, si 12. Wiki ya pili ya muhula nilisimama mbele ya dirisha la mhasibu na ankara mkononi, nikampigia shangazi simu kumwomba fedha alizoziweka kwa ajili ya kuezeka nyumba. Nakusihi umwandikie mratibu wa programu uulize mambo hayo matatu, pamoja na kama ufadhili ni wa muhula mmoja au miwili, na upate jibu kwa maandishi. Usitegemee kibarua kuziba pengo, maana mwenye F-1 haruhusiwi kuzidi saa 20 za kazi kwa wiki chuoni wakati wa masomo.

Ukishajua nani analipa, tazama maprofesa. Tovuti ya CSRankings, iliyoanzishwa na Emery Berger wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, ambacho nacho ni cha jimbo, huhesabu makala za maprofesa katika mikutano mikuu ya kitaaluma, nawe unaweza kuchambua kwa fani moja tu, kama vile hifadhidata au usalama wa kompyuta. Chuo kisicho na jina kubwa kinaweza kuwa na watu wanne mahiri katika fani unayoitaka. Waandikie wanafunzi wao. Profesa asiyejibu barua za wanafunzi wake hutamjua kwa njia nyingine.

Kama una kazi nzuri nyumbani, fikiria pia Georgia Tech, chuo kikuu cha Marekani ambacho tangu Januari 2014 hufundisha uzamili wa kompyuta kwa intaneti kwa gharama isiyofika dola 10,000 kwa shahada nzima. Haikupi viza, lakini huachi mshahara.

Vyuo vingi vimekubaliana kutomlazimisha aliyepewa ufadhili kujibu kabla ya Aprili 15. Mimi niliutumia muda huo wote, na jibu langu nililituma Aprili 14 usiku, shangazi akiwa ameketi kando yangu.