Jibu: Kwa nini ofisa wa malaria anakuja nyumbani na kishikwambi?
Waalaikumu salaam, ndugu yangu wa Micheweni. Umeuliza kwa nini, baada ya mtoto kukutwa na malaria kituoni, ofisa wa wilaya alikuja kwako na kishikwambi akataka kupima nyumba nzima. Usitie shaka, ndio utaratibu. Kituo kinatuma taarifa kwa simu, yeye anamfuata mgonjwa hadi kwake. Zanzibar inafanya hivi tangu 2012. Mtu anaweza kubeba vimelea bila homa yoyote, mbu akamuuma na kuvipeleka kwa jirani. Kwa hiyo hata babu aliye mzima atatobolewa kidole, na ni haki yake. Ofisa akiuliza safari za Bara mwambieni kweli, maana wagonjwa wetu wengi huambukizwa huko.