Maneno ya Kilatini ya hotuba: weka orodha kando kwanza

Ndugu, umesema unakariri maneno arobaini ya Kilatini ya ufasaha wa kuzungumza kila usiku, asubuhi yamepotea, na mtihani ni mwezi ujao. Nimepitia hapo. Tatizo ni ile orodha ya alfabeti.

Yapange kwa kazi ya msemaji. Warumi waliigawa katika sehemu tano: inventio (kutafuta hoja), dispositio (kuzipanga), elocutio (kuchagua maneno), memoria (kuhifadhi kichwani) na actio (sauti na ishara za mwili). Angalia sana inventio: hapa si uvumbuzi, ni kuipata hoja inayofaa. Mimi nilipoteza alama hapo.

Kisha fuata asili ya neno. Exordium, utangulizi wa hotuba, hutokana na ordiri, kitenzi cha mfumaji anapoanza kutanda nyuzi. Rostra, jukwaa la wasemaji pale Roma, maana yake ni midomo: Warumi walilipamba kwa midomo (ncha za mbele za kugongea) ya merikebu walizoteka katika mji wa Antium mwaka 338 KK. Ukishaiona picha hiyo, neno halikutoki tena.

Jihadhari na oratio. Kwa Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma ya kale, ni hotuba. Katika Kilatini cha Kanisa ni sala pia. Na orator ni msemaji, ila rhetor ni mwalimu wa ufasaha.

Kuhusu matamshi, muulize mwalimu wako wiki hii. Jina Cicero husomwa "Kikero" kwa mtindo wa kale na "Chichero" kwa mtindo wa Kanisa. Usiichanganye mitindo hiyo kwenye mtihani wa mdomo.