Maswali yenu kuhusu sherehe za Shakespeare mjini Stratford

Tangu tuzigusie hapa sherehe ambazo mji wa Stratford-upon-Avon, Uingereza, humfanyia mwanawe William Shakespeare kila Aprili, maswali yamemiminika. Nimechagua haya.

Dada yangu anasoma Birmingham na nitamtembelea Aprili. Nikifika Stratford siku hiyo nitaona nini hasa? — Msomaji, Tanga

Utaona mji uliomwagika barabarani. Sherehe huangukia wikiendi iliyo karibu na Aprili 23, na kiini chake ni msafara wa asubuhi. Wahi nafasi Bridge Street. Pale husimamishwa milingoti yenye bendera zilizokunjwa, na ishara ikitolewa zote hukunjuliwa kwa mpigo. Kisha wanapita wanafunzi wa King Edward VI, shule ambayo inaaminika Shakespeare alisoma, halafu meya na madiwani ndani ya majoho, waigizaji, wageni wa mataifa mbalimbali, vyama vya mji na watoto wa shule, wengi wao na maua mkononi. Kifuani utaona vijitawi vya rozimari, maana katika tamthilia yake ya Hamlet, binti aitwaye Ophelia anasema hilo ndilo jani la ukumbusho.

Msafara huishia Kanisa la Utatu Mtakatifu, kando ya mto Avon, na maua hulazwa kaburini. Ukutani hapo pana sanamu ya mtunzi akiwa na kalamu ya unyoya, na siku hiyo hupewa kalamu mpya. Kwangu mimi, hicho kitendo kidogo kinazishinda bendera zote. Usiondoke kabla hujasoma maneno ya kwenye jiwe la kaburi: yanambariki atakayeliacha lilivyo, na kumlaani atakayeihamisha mifupa.

Treni kutoka kituo cha Moor Street, Birmingham, huchukua chini ya saa moja. Beba koti. Aprili ya kule si ya Tanga.

Kiingilio ni kiasi gani? — Huyohuyo wa Tanga

Kutazama msafara ni bure. Utalipia makumbusho, ikiwemo nyumba aliyozaliwa, Henley Street, na maonyesho ya jukwaani ya Royal Shakespeare Company. Tiketi za maonyesho nunua kabla hujapanda ndege.

Shuleni tulikaririshwa kwamba alizaliwa na kufa tarehe moja, Aprili 23. Ni kweli au ni hadithi? — Mama wa watoto watatu, Nakuru

Kufa ni kweli: Aprili 23, 1616. Kuzaliwa ni makisio. Daftari la kanisa linaonyesha alibatizwa Aprili 26, 1564, na enzi zile mtoto alibatizwa siku chache tu baada ya kuzaliwa. Aprili 23 ni sikukuu ya Mtakatifu George, msimamizi wa Uingereza, kwa hiyo tarehe hiyo iliwapendeza Waingereza mno kuiacha. Walimu wako wasamehe.

Nani alianzisha mambo haya? Nadhani ni serikali yao. — Mstaafu, Morogoro

Hapana, mzee wangu. Ni madiwani wa Stratford waliotaka sanamu ya Shakespeare ya bure. Walikuwa wamejenga ukumbi mpya wa mji, wakamwendea David Garrick, mwigizaji aliyekuwa na jina kuliko wote London, wakamtunukia hati ya heshima ya uraia wa mji ndani ya kijisanduku kilichochongwa kwa mti wa mforosadi uliodaiwa kupandwa na Shakespeare mwenyewe. (Mti huo ulikatwa mwaka 1756 na kasisi aliyekuwa ameinunua New Place, nyumba aliyoishi Shakespeare miaka yake ya mwisho, na kuchoshwa na wageni wa kuuchungulia. Miaka mitatu baadaye akaibomoa na nyumba.) Garrick akatoa sanamu, halafu akaongeza sherehe ya siku tatu, Septemba 1769.

Ilikuwa balaa. Vitanda vilipandishwa bei hadi wageni wakapiga kelele. Mvua ilinyesha, Avon ukafurika, fataki zikalowa, na maandamano ya wahusika wa tamthilia za Shakespeare yakafutwa. Farasi wa mashindano walikimbia ndani ya maji. Na sasa sikiliza hili: katika siku zote hizo haukuchezwa mchezo hata mmoja wa Shakespeare. Kulikuwa na nyimbo, karamu, dansi na utenzi aliotunga Garrick mwenyewe. Alirudi London na hasara ya takriban pauni 2,000, akayageuza maandamano yaliyofutwa kuwa onyesho katika ukumbi wake wa Drury Lane. Lilichezwa zaidi ya mara 90, pesa ikarudi.

Stratford haikupata ukumbi wa kudumu wa kumkumbuka mpaka Aprili 23, 1879, na aliyetoa kiwanja ni Charles Flower, mwenye kiwanda cha bia hapo mjini. Uliungua mwaka 1926, mwingine ukafunguliwa 1932. Yaani kwa zaidi ya miaka mia moja mji ulisherehekea kwanza, jukwaa likaja baadaye.

Sisi Waswahili tunamo humo? — Kidato cha tano, Dodoma

Mmo, tena zamani. Mwaka 1867 mmisionari Mwingereza Edward Steere alichapisha Zanzibar hadithi za Shakespeare kwa Kiswahili. Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, akiwa rais, akairekebisha ikatoka tena 1969 kama Juliasi Kaizari, mwaka uleule wa Mabepari wa Venisi. Samuel Mushi naye alitupa Makbeth na Tufani. Na mwaka 2012, katika ukumbi wa Globe, London, michezo 37 ilipochezwa kwa lugha 37, Kiswahili kilipewa The Merry Wives of Windsor, na Mrisho Mpoto akawa Falstaff, yule mhusika wa kuchekesha. Anza na Juliasi Kaizari, na uisome kwa sauti.

Ebrahim Hussein, mwandishi wa tamthilia, alizaliwa mkoa wetu wa Lindi. Kwa nini Lindi hakuna kitu kama hicho? Au mpaka serikali itujengee ukumbi? — Mwalimu, Lindi

Ukumbi usiungojee, mwalimu. Rudi juu usome walivyoanza wenzenu. Tamthilia yake Kinjeketile ya mwaka 1969, inayohusu Vita vya Maji Maji, imesomwa na vizazi vya wanafunzi, na wengi wao hawajui mwandishi ni wa kwenu. Bagamoyo wana tamasha lao la sanaa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini lile lilizaliwa na chuo. Nyinyi mna shule na barabara. Shule mbili, ngoma moja, vipande viwili vya mchezo vichezwe uwanjani, barua kwa halmashauri na taarifa polisi kwa ajili ya maandamano. Tarehe? Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905, na Julai kwenu ni kiangazi.