Mvinyo wa Moto kwa Wageni wa Majira ya Baridi: Karafuu Chache, Moto Mdogo

Mwezi wa Desemba hapa Dresden, Ujerumani, giza huwa limeshatanda kabla ya saa kumi na moja jioni, na mgeni anayebisha hodi wakati huo mara nyingi vidole vyake vimekufa ganzi. Wenyeji wengi humkaribisha kwa kikombe cha Glühwein, yaani mvinyo uliopashwa moto pamoja na viungo na sukari, kinywaji kile kile kinachouzwa kwenye vibanda vya Striezelmarkt, soko la Krismasi la mji huu ambalo historia yake inaanzia mwaka 1434. Nimekuwa nikiutengeneza nyumbani kwa majira tisa ya baridi sasa, na katika muda huo nimefikia imani moja ambayo siibadilishi: mvinyo huu hauharibiwi na uhaba wa viungo, bali na wingi wa viungo na ukali wa moto.

Nimelijua hilo kwa kukosea. Mwaka wa kwanza niliwaalika majirani wa jengo letu, nikaamua kuwaonyesha kwamba mtu aliyekulia Muheza, mkoani Tanga, anajua viungo. Nilitia karafuu kiganja kizima, nikavunja mdalasini vipande vingi, nikaiacha sufuria itokote kama ninavyotokosa chai ya viungo. Kilichotoka kilikuwa kichungu, chenye harufu ya dawa ya meno, na kila aliyekunywa alihisi ulimi umekufa. Mama mmoja mzee wa ghorofa ya chini alimaliza kikombe chake kwa heshima, kisha mwaka uliofuata akapanda ngazi akiwa na sufuria yake mwenyewe, akasimama nami jikoni mpaka nikaelewa.

Kosa langu lilianzia kwenye karafuu, nami nilipaswa kuijua kuliko yeye. Karafuu ni tumba la ua lililochumwa kabla halijachanua, likaanikwa juani mpaka likageuka rangi ya kahawia iliyoiva, na mafuta yaliyomo ndani yake ndiyo yale yale yanayotumika kutuliza jino linalouma. Bibi yangu alikuwa na desturi ya kuchukua karafuu moja sokoni na kuiminya kwa ukucha. Ikitoa unyevunyevu wa mafuta aliinunua, ikiwa kavu kama kijiti aliirudisha fungu lake. Fanya hivyo hivyo popote ulipo, kwa sababu karafuu iliyokaa miaka mitatu kwenye kichupa cha dukani hukushawishi uongeze nyingine, kisha unabaki na uchungu usio na harufu. Zikiwa nzuri, sita zinatosha chupa mbili za mvinyo. Ninazihesabu, na ninazichomeka kwenye kipande cha ganda la chungwa ili niweze kuzitoa zote kwa mara moja wakati wake ukifika.

Mdalasini ninatumia vijiti viwili, kamwe si unga, kwa kuwa unga hautoki kwenye chujio na huacha tope chini ya kikombe. Naongeza iliki nne zilizopasuliwa kidogo tu. Waswidi huitia kwenye kinywaji chao cha namna hii wanachokiita glögg, pamoja na zabibu kavu na lozi, na kwa pua ya mtu wa Tanga iliki ndiyo inayofanya jiko linukie nyumbani. Tangawizi ni hiari. Kungumanga siipendi humu.

Kuhusu mvinyo wenyewe, usinunue wa bei ghali wala usinunue ule usioweza kunywa glasi moja ukiwa baridi. Unahitaji mwekundu usio na sukari nyingi, wenye ladha ya matunda na ukakasi mdogo. Mimi huchukua Dornfelder unaolimwa hapa Ujerumani, au Merlot. Mvinyo uliolazwa muda mrefu kwenye mapipa ya mwaloni hauifai kazi hii, kwa maana joto huuzidisha ukakasi wake na viungo havielewani nao. Hapa Saksonia, jimbo ambalo lina mashamba yake ya mizabibu kandokando ya mto Elbe, wengi hutumia mvinyo mweupe pia, na ukiupata mzuri utaona viungo vinasikika waziwazi zaidi. Ila mweupe upunguzie karafuu ziwe nne. Machungwa yawe yale ambayo ganda lake halikupakwa nta wala dawa, jambo ambalo huku huandikwa kwenye kibandiko, na unapomenya acha ile nyama nyeupe chini ya ganda, maana ndiyo yenye uchungu.

Sufuria iwe ya chuma cha pua au ya enameli. Sufuria zetu za aluminiamu, ambazo nazipenda kwa wali na maharage, hazipatani na tindikali ya mvinyo na huweza kuuachia ladha ya chuma.

Sasa utaratibu, ambao siri yake ni kwamba viungo huchemshwa na mvinyo hauchemshwi. Weka kwenye sufuria nusu kikombe cha maji, maji ya machungwa mawili, gramu 80 za sukari, ganda lenye karafuu, mdalasini na iliki, kisha acha vichemke polepole kwa dakika kumi mpaka upate shira nyepesi na nyumba nzima ianze kunukia. Hapo ndipo unapomimina chupa zako mbili, yaani lita moja na nusu, ukapunguza moto uwe mdogo kabisa, ukasubiri. Pombe tupu huchemka kwenye nyuzi joto 78, nami nikiwa na kipimajoto sivuki 75. Usipokuwa nacho, simama karibu na utazame uso wa mvinyo: kwanza mvuke mwembamba utapanda, kisha uso utaanza kutetemeka na ukingoni patatokea ule mzunguko wa vipovu vidogo kama shanga. Mara uonapo shanga hizo zima moto, funika, na uache vitu viingiane kwa nusu saa. Baada ya hapo toa karafuu bila kusubiri, onja, na kama unataka utamu zaidi ongeza asali kijiko kimoja kimoja. Mdalasini unaweza kubaki.

Wageni hawaji wote kwa wakati mmoja, na hapo ndipo mvinyo mwingi mzuri huharibika, kwa sababu mwenye nyumba huuacha jikoni juu ya moto kwa saa tatu. Mimi huuchuja na kuutia kwenye chupa ya chai, ile ya kawaida ambayo kila nyumba ya kwetu inayo, baada ya kuisuuza kwa maji ya moto. Hukaa na joto lake jioni nzima, hautokoti, na kila mgeni hujimiminia mwenyewe. Tumia vikombe vizito vya udongo. Bilauri nyembamba iliyotoka kabatini ikiwa baridi inaweza kupasuka mkononi mwa mtu.

Chupa ya pili ya chai, yenye rangi tofauti, huwa ya wasiokunywa pombe, nami siihesabu kuwa nyongeza. Nusu ya marafiki zangu wa huku ni Waislamu, wapo watoto, na yupo kila mara mtu atakayeendesha gari. Ninapika viungo vile vile bila sukari, nikaongeza lita moja ya juisi ya zabibu nyekundu na nusu lita ya choya iliyokolea, ile rosela iliyokaushwa ambayo dada yangu hunitumia kutoka nyumbani. Ukali wa choya hukata utamu wa juisi, na rangi hutoka nyekundu iliyoiva sana. Sufuria yake, upawa wake na chujio lake ni vya peke yake, na ninawaambia wageni hivyo wanapoingia, ili asiwepo anayelazimika kuuliza mbele ya watu.

Kwa walio nyanda za juu za kwetu, Lushoto au Njombe kwenye baridi ya Julai, mvinyo mwekundu wa Dodoma unafaa kabisa; ukiwa ni ule mtamu, acha sukari yote na utie maji ya chungwa zaidi. Jambo moja ninalowaomba wenye nyumba wote walizingatie ni wakati wa kuagana. Pombe huleta damu karibu na ngozi, hivyo mtu huhisi ana joto ilhali mwili wake unalipoteza, na wengine hutoka nje koti likiwa wazi. Mimi huwasindikiza wageni mpaka mlangoni, nikahakikisha kila mmoja amefunga vifungo na skafu yake iko shingoni, ndipo nafungua.