Kupunguza uzito kwenye nyumba ya sufuria moja

Dayati nyingi zinazosambazwa kwenye simu zimeandikwa kwa mtu anayeishi peke yake, mwenye friji lake na anayejipikia. Wengi wetu hatuishi hivyo. Jikoni yupo dada wa kazi au mama mkwe, sufuria ni moja, watoto wanataka wali, mzee anataka ugali, na mgeni anaweza kupiga hodi saa saba mchana chakula kikiwa mezani. Mtu akianza kula tango na yai peke yake pembeni, atajitahidi siku tisa au kumi, kisha arudi alikokuwa. Watu watamwita mvivu. Alichokosea ni kubadilisha sahani yake bila kugusa sufuria, na bila kuzungumza na anayeipika.

Anzia kwenye kidumu cha mafuta

Siku kidumu cha lita 5 kinapofunguliwa, andika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Usimwambie mtu apunguze chochote bado. Kikiisha, hesabu siku.

Tuseme nyumba ina watu 5 na kidumu kimeisha siku ya 21. Kila mmoja, mkubwa na mdogo, amekula karibu mililita 48 kwa siku, yaani vijiko vikubwa vitatu na ushei. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori kama 120, yawe ya alizeti, ya mawese, au yale yaliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba hayana lehemu. Kwa hiyo kila mtu amepata karibu kalori 380 kwa siku kabla hujahesabu ugali wala nyama. Kidumu kama hicho kikidumu siku 42, kila mmoja amepungukiwa kalori 190 kwa siku na hakuna aliyenyang'anywa chakula. Kwenye karatasi, hiyo ni karibu robo tatu ya kilo kwa mwezi. Mwili haufuati karatasi sawasawa, lakini hakuna dayati ya matango inayokupa hivyo bila ugomvi mezani.

Ugomvi huja kwa njia nyingine. Dada anaambiwa "punguza mafuta", anapunguza, vitunguu vinaungua, mboga inanuka moshi, baba analalamika, na kesho yake mafuta yamerudi kama zamani. Kilichoharibu ni sufuria nyembamba juu ya moto mkali. Kwa mboga ya watu watano, weka vijiko vikubwa viwili vya mafuta, tia vitunguu na chumvi kidogo mapema ili vitoe maji yake, funika, na uache kwenye moto mdogo dakika 5 hadi 7. Vikianza kushika chini, nyunyizia maji vijiko viwili, usiongeze mafuta. Nyanya ziingie vitunguu vikishalainika, na ziive mpaka ule ukali uishe. Mara nyingi mboga inayosemwa haina ladha kwa kukosa mafuta ina nyanya ambazo hazikuiva. Tena, usimimine kutoka kwenye kidumu. Mkono hauwezi kupima kitu kinachotoka kwenye mdomo mpana namna ile. Jaza chupa ndogo, weka kijiko kando yake, kidumu kirudi kabatini.

Wapishi wa nazi wana hesabu yao: mililita 100 za tui zito zina takriban gramu 20 za mafuta. Mboga ikiungwa kwa nazi, isikaangwe kwanza kwa mafuta. Maharage, kisamvu na samaki wa nazi vinakubali kabisa kuanza na tui jepesi, kisha tui zito kikombe kimoja cha chai mwishoni kwa sufuria nzima.

Na huyo dada aelezwe sababu. "Sukari ya mama imepanda, daktari ametaka tupunguze mafuta, nisaidie" ni maneno tofauti na amri iliyotupwa kutoka sebuleni. Akishaelewa, yeye ndiye mtu wako wa kwanza wa kukusaidia, kuliko hata rafiki wa gym.

Sukari, sinia na mabaki ya watoto

Vikombe vitatu vya chai, vijiko vitatu kila kimoja, ni gramu 36 za sukari, tena kwa kijiko cha bapa. Wengi wetu tunachota cha mlima. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa iwe chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni karibu gramu 25. Soda ya nusu lita peke yake hubeba takriban gramu 50. Usiache sukari ya chai kwa siku moja, utairudia. Punguza nusu kijiko kila baada ya wiki mbili: ukiwa kwenye vijiko vitatu, baada ya wiki nane uko kwenye kimoja na ulimi umeshazoea. Soda iondoke kabisa nyumbani na ibaki ya shughuli tu.

Kula sinia moja kuna raha yake, ila huoni umekula kiasi gani. Mega ugali wako kwanza, wa ukubwa wa ngumi yako, uweke kwenye kisahani pembeni, kisha uendelee kula mboga na wenzako. Kwenye sahani, nusu iwe mchicha, matembele, kabichi au kachumbari. Robo maharage, dagaa, samaki au nyama. Robo ugali au wali. Anayebana ugali bila kuongeza maharage au dagaa atashikwa na njaa saa kumi jioni na kumaliza maandazi manne ya dukani.

Halafu kuna chakula ambacho hakihesabiwi: mabaki kwenye sahani za watoto, kuonja mara sita wakati wa kupika, ukoko wa wali. Kwa akina mama hasa, hapa ndipo hesabu inapopotea. Pakulia watoto kidogo, wao ndio waombe kuongezwa.

Tabia moja, mahali pake

Mwaka 2010 Phillippa Lally na wenzake wa University College London walitoa utafiti wa watu 96 waliojaribu kuotesha tabia mpya kwa kuifunga kwenye jambo wanalofanya kila siku. Wastani wa kati ulikuwa siku 66 mpaka tabia ikaanza kwenda yenyewe, na tofauti zilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi makisio ya 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo zile "siku 21" za kujenga tabia zinazotangazwa huwakatisha watu tamaa wakiwa bado njiani.

Muhimu hapo ni ile kamba ya kufungia. "Nitatembea zaidi" haina pa kushika. "Nikitoka kazini nashuka daladala vituo viwili kabla ya nyumbani" ina mahali, ina saa, na mvua ikinyesha unajua umeikosa. "Baada ya swala ya alfajiri natembea dakika 30" pia inashika, na kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa ndiyo saa yenye huruma. Lengo linalotajwa na Shirika la Afya Duniani ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo unaokufanya uheme kidogo, pamoja na siku mbili za kukaza misuli. Kuchuchumaa na kuinuka mara 10, mizunguko mitatu, kunatosha kuanzia.

Klabu za jogging za mitaani ni nzuri kwa mwendo na kwa watu. Shida yake huja baada ya mbio, pale supu na chapati mbili zinaposubiri. Chapati moja ya mafuta inaweza kufika kalori 300, na nusu saa ya kukimbia polepole huunguza karibu hizo. Kunywa supu, chapati muachie mwenzako.

Maneno ya watu

Hapa wengi huanguka, na vitabu vya dayati havipagusi. Kwetu mwili ukipungua watu huuliza "una nini?" kabla ya kupongeza. Miaka ya UKIMWI bila dawa iliacha alama: kukonda kulisomwa kuwa ugonjwa, au ndoa yenye matatizo, au biashara imeyumba. Mwanamke akitoka kilo 92 hadi 84, shangazi atamvuta pembeni. Jibu liandaliwe mapema, fupi, lisiloomba mjadala: "Nimepungua kwa kusudi, shangazi, presha imeshuka." Taja kipimo, usitaje dayati. Ukitaja dayati kila mtu ana yake, na utaondoka na orodha ya majani ya kuchemsha.

Ugenini usikatae sahani. Ipokee, jipakulie mwenyewe ukiweza, kula polepole, na uwe wa mwisho kumaliza, maana sahani tupu huongezwa. "Nimeshiba, asante, chakula kitamu" hupita kila nyumba. "Hiki sili" huumiza mwenyeji. Harusini chakula huweza kutoka saa nne usiku, kwa hiyo kula mayai mawili na tunda kabla ya kutoka nyumbani. Vikao vya harusi ndivyo vya kuangalia zaidi, kwa sababu ni kila wiki kwa miezi, na soda na nyama choma havikosekani.

Kwa mwenza wako, omba kitu kimoja kinachoonekana. "Nisapoti" hakieleweki. "Usiniletee chipsi mayai saa tatu usiku, ukitamani, kula huko huko" kinaeleweka na kinatekelezeka.

Kikundi: azima mtindo wa kikoba

Kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopa, kinajua jambo ambalo makundi mengi ya WhatsApp ya kupunguza uzito hayajui: watu hushika ahadi pale penye siku maalumu, mchango na mtu anayeandika daftari. Tafuta watu 4 hadi 6, wa mtaa mmoja au ofisi moja. Mkutane Jumamosi asubuhi, dakika 40, kwa wiki 12. Kila mmoja ataje tabia moja ya wiki na aseme aliifanya siku ngapi kati ya saba. Mchango wa shilingi elfu mbili au tano kwa wiki ununue kwanza mizani moja ya kikundi.

Faini itozwe kwa kutohudhuria au kutotuma taarifa. Isitozwe kwa kilo. Mkishindania kilo, Ijumaa watu wanashinda njaa na wengine wanakunywa zile chai za kupunguza mwili. Nyingi zina senna, ambayo ni dawa ya kuharisha. Mizani inashuka kwa maji na choo, na mafuta yamebaki palepale. Mshindi wa wiki ya pili huwa wa kwanza kutoweka wiki ya sita. Asiyetokea apigiwe simu ndani ya siku mbili na mtu mliyemchagua kwa kazi hiyo, na maneno ya kwanza yasiwe juu ya uzito.

Wiki ya 12 vunjeni mzunguko, mgawane kilichobaki, kisha muendelee kukutana mara moja kwa mwezi. Mpango mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, ambao matokeo yake yalitoka 2002, ulikuwa na vipindi 16 katika wiki 24 za mwanzo na ufuatiliaji baada ya hapo. Lengo lilikuwa kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, na waliofuata njia hiyo walipata kisukari kwa asilimia 58 pungufu kuliko waliopewa kidonge bandia kisicho na dawa. Asilimia 7 ya mtu wa kilo 90 ni kilo 6 na kidogo.

Mizani na kliniki

Pima mara moja kwa wiki, asubuhi baada ya kwenda chooni, kabla ya chai, mizani ikiwa juu ya sakafu ngumu. Ya stendi leo na ya duka la dawa kesho hazilinganishwi. Uzito huyumba kilo moja hadi mbili kwa sababu ya chumvi, hedhi, au wali wa jana, kwa hiyo soma wiki nne kwa pamoja. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni mwendo mzuri. Ukikwama wiki tatu, kumbuka kwamba mwili uliopungua unatumia nishati kidogo, na sahani ya mwanzo sasa ni kubwa kwako. Kiuno kipimwe kwa futi ya fundi cherehani: kuanzia sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanaume, hatari ya moyo na kisukari imeanza kupanda.

Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenklamidi amwone daktari kabla ya kupunguza chakula, kwa sababu dozi ile ile juu ya chakula kidogo inaweza kushusha sukari mpaka akaanguka. Dawa za presha nazo huhitaji kuangaliwa upya uzito ukishuka. Mjamzito asianze kabisa. Na anayepungua bila kukusudia, hasa mwenye kikohozi cha zaidi ya wiki mbili au jasho la usiku, aende hospitali.

Kutakuja msiba, safari, au mwezi wa Ramadhani wenye kaimati na tambi kila futari, na nusu ya haya yataachwa. Usianze kurudi kwa kupanda mizani. Nenda kabatini uangalie tarehe kwenye kidumu. Kama kilichopita kilifika siku ya 38 na hiki kimeisha siku ya 24, kaa na dada jikoni, muulize wiki hizi mmekuwa mkipika nini.