Maswali ya Wasomaji: Tumbawe Langu Halifunguki

SWALI: Mwezi uliopita nilinunua Dar es Salaam tumbawe la rangi ya chungwa, aina ya Tubastraea, nikalileta Dodoma kwa treni. Muuzaji alinishauri niliweke juu kabisa katika tangi, chini ya taa kali. Mpaka leo halijafunguka, na nyama yake inazidi kunywea. Nimekosea wapi? Tena, naweza kuongeza tumbawe laini aina ya Dendronephthya?
Msomaji, Kisasa, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, tumbawe lako lina njaa. Matumbawe mengi ya kufugwa hupata sehemu kubwa ya chakula kutoka kwa vijimwani vinavyoishi ndani ya nyama yake na kutumia mwanga; Tubastraea haina vijimwani hivyo, kwa hiyo taa, hata iwe ghali namna gani, haiwezi kulishibisha. Baharini huota mapangoni na chini ya miamba, ambako mkondo huliletea viumbe wadogo wanaoelea. Lishushe basi, uliweke kwenye kivuli cha jiwe, mahali penye mkondo wa wastani na ambapo mkono wako utafika bila shida. Mwanga wenyewe hauliui, ila huotesha mwani unaolisonga.

Kazi kubwa ni kulisha, kwa sababu kila polipu, yaani kila kiumbe kidogo kati ya vile vinavyounda tumbawe, ina mdomo wake, na ile inayorukwa hudhoofika hata kama jirani yake imeshiba. Jioni, taa zikishazimwa, zima pampu, kisha dondoshea karibu yake maji ya kamba aliyeyeyushwa kutoka kwenye barafu, usubiri. Langu lilikaa siku nne likinikatalia. Siku ya tano nikaona polipu zikivimba, halafu minyiri ya manjano, yaani vikono vya kunasia chakula, ikachomoza moja moja, na nilifurahi mno. Hapo chukua bomba la sindano lisilo na sindano, ukiweke mdomoni mwa kila polipu kipande kidogo cha kamba au uduvi mbichi. Lifunike kwa nusu ya chupa ya plastiki kwa dakika kama 20, la sivyo samaki watanyakua vyote. Lilishe kila siku mpaka lipate nguvu, kisha mara tatu kwa wiki. Uduvi mkavu wa sokoni usiutumie, kwani mara nyingi umetiwa chumvi.

Mabaki yafyonze kwa mpira usiku uleule, na kila wiki badilisha asilimia 10 ya maji, maana chakula kinachooza huongeza naitreti, uchafu unaoyeyuka majini. Hewa yetu kavu ya Dodoma hukausha maji upesi na kuacha chumvi nyuma, hivyo pengo lijaze kwa maji baridi yaliyochujwa vizuri, yasiyo na chumvi, ili ibaki karibu gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Maji ya visima usiyatie bila kuyachuja, kwani yana madini mengi. Jotoridi liwe kati ya nyuzi 24 na 26.

Dendronephthya usiinunue. Hula chembe ndogo mno, karibu mfululizo mchana na usiku, na hata wafugaji wenye uzoefu mkubwa huipoteza kwa njaa.